Mbuzi wa Karo

Mnunuzi wa mbuzi hapa Buna hana haraka. Humfungua mnyama kinywa akamtazama meno, humpapasa mgongo, huchungua kiwele na kwato, kisha ndipo hutaja bei. Na dalali akimhimiza kupita kiasi, hushuku. Lakini mtu huyo huyo akisikia kwamba Bitcoin inapanda, huona kupanda huko ni sababu tosha ya kuinunua. Ndugu msomaji, sababu hiyo naipinga.

Sarafu hiyo ya mtandaoni ilianza Januari 2009, kazi ya mtu au watu waliojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto. Idadi yake imewekewa mpaka: hazitazidi milioni 21. Wanaoisifu hushika hapo, wakasema kwamba kitu adimu hakina budi kupanda thamani. Si kweli, uadimu peke yake haumlishi mtu. Mbuzi jike huzaa na kukamuliwa hata siku ambayo hakuna amtakaye sokoni. Sarafu hii haizai wala haikamuliwi. Faida ya aliyeinunua jana hutoka mfukoni mwa anayeinunua leo, naye wa leo humngojea wa kesho. Ndiyo maana walio nayo hawachoki kutuhubiria tununue.

Tufanye hesabu. Mnamo Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000, na wengi walinunua wakati huo kwa sababu ile ile, ya kwamba inapanda. Mwaka mmoja baadaye, soko la sarafu hizo liitwalo FTX lilipofilisika, ilianguka chini ya dola 16,000. Ni kama mwenye mbuzi mia kubaki na ishirini na watatu. Bei ile ya juu haikurudi mpaka Machi 2024. Mwenye fedha za ziada aliweza kuvumilia miezi hiyo 28. Je, mhasibu wa shule angalikubali kuingojea karo muda huo? Oktoba 2025 ilivuka dola 120,000, kelele zikaanza upya. Mwezi uliofuata ilikuwa imeshuka chini ya 90,000.

Huenda ukaniambia, "Mwalimu, mbuzi nao hufa." Kweli tupu. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika maeneo makavu ya Kenya, nasi tuliiona mizoga kando ya njia. Lakini ukame huonekana ukija. Mfugaji huhama, au huuza mapema. Tena mwaka 2013 bima ya mifugo ya takafuli ilianzishwa Wajir, na Machi 2014 ikawalipa wafugaji wa kwanza. Aliyekwisha kubeba hatari ya ukame hatibiwi kwa kuongezewa hatari ya pili.

Wako pia ambao hawanunui hata sarafu yenyewe, bali hununua ahadi. Kampuni ya Dunamiscoins ya Uganda ilifunga milango Desemba 2019, na maelfu ya watu walioahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi wakapoteza akiba zao. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuwataka wafanyao biashara hii wawe na leseni. Ni jambo jema. Huenda itawapunguza matapeli. Lakini haikuandikwa ili kuizuia bei isishuke.

Simkatazi mwenye ziada yake kujaribu. Mali ni yake, na hasara itakuwa yake. Ninayemsema ni yule anayemshawishi mzee auze mbuzi waliotengwa kwa karo ya mtoto. Akija kwenu na simu mkononi, mkaribishe chai, kisha umwulize yeye alinunua lini na kwa bei gani, na fedha za mbuzi wenu zitaingia mfukoni mwa nani.