Kompyuta Ndogo Isiyo na Waya Shuleni: Nani Aiandae?

Miongoni mwa zana za kufundishia zinazoingia katika shule za msingi siku hizi, ipo moja ambayo yafaa wanachuo waijadili kabla hawajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Nayo ni kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye ukubwa unaokaribia kadi ya benki, inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Kompyuta hii hurusha vitabu, picha na masomo kwa mawimbi hadi kwenye simu na vishikwambi vilivyomo darasani, bila ya kuhitaji intaneti. Faida yake haina ubishi. Linalobishaniwa ni nani aiandae: mtaalamu wa mbali anayeileta ikiwa imekwisha kufungwa tayari, au mwalimu atakayeitumia? Maoni yangu ni kwamba aiandae mwalimu, na ajifunze kazi hiyo akiwa bado chuoni.

Zana Yenyewe

Bodi inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, kwa nia ya kuwapatia vijana kompyuta ya kujifunzia kwa bei ndogo. Iliuzwa kwa mara ya kwanza tarehe 29 Februari 2012. Bodi za mwanzo hazikuwa na mawasiliano yasiyo na waya. Aliyeyataka alipachika kifaa kingine kwenye tundu la USB. Toleo la 3, lililotoka mwaka 2016, ndilo la kwanza kuwa na moduli ya Wi-Fi na Bluetooth ndani ya bodi yenyewe. Bodi ya namna hii ikiwekewa programu kama Kolibri, ambayo iliundwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti, huwa maktaba ndogo. Wi-Fi huwafikishia wanafunzi masomo, na Bluetooth huunganisha spika ili darasa zima lisikie hadithi au matamshi sahihi.

Kwa Nini Mwalimu Mwenyewe

Tuchukue mfano wa Malinyi. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Ngoheranga au Biro akihitaji fundi wa kompyuta, huenda akalazimika kumtafuta Ifakara. Ni kweli kwamba daraja la mto Kilombero limeondoa adha ya kivuko, na safari ya kupitia Lupiro imekuwa nafuu kuliko zamani. Hata hivyo, bonde la Kilombero ni bonde la maji. Masika yakishika, barabara za ndani huharibika, na wazazi wengi huwa mashambani kwenye mpunga. Kompyuta ikizimika mwezi Machi, haiwezi kumsubiri fundi mpaka Juni. Itafungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na wanafunzi watarudi kwenye kitabu kimoja kinachosomwa na watoto watano. Tofauti baina ya mtoto wa mjini na mtoto wa bondeni, ambayo zana hii ililetwa kuipunguza, itabaki pale pale.

Nchi yetu ina historia ya kujifunza kwa mawimbi. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitumia redio kuwafundisha watu wazima wapatao milioni 2 juu ya usafi na kinga ya maradhi. Lakini redio peke yake haikuchimba choo hata kimoja. Kazi ilifanywa na vikundi vya wasikilizaji, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa. Aliandaliwa mtu kwanza, kisha mawimbi yakafuata. Nasi hatuna budi kufuata mpango huo huo.

Hatua za Kuiandaa

Wanachuo wengi huiogopa kazi hii kwa kudhani kwamba inahitaji shahada ya uhandisi. Inahitaji utaratibu, kama somo lolote lililopangwa vizuri.

Kwanza, umeme. Bodi hutumia volti 5, na Raspberry Pi 3 hupendekezewa chaja ya ampea 2.5. Chaja dhaifu ya simu, au waya mrefu na mwembamba kutoka kwenye betri ya sola, huifanya bodi iyumbe. Mwalimu akaaye na kulaumu programu, kumbe kosa limo katika waya, hupoteza siku nzima.

Pili, hakikisha kwamba Linux imeiona moduli. Kila inapowaka, Linux huandika taarifa ya vifaa ilivyovikuta, na taarifa hiyo husomwa kwa amri ya dmesg. Moduli hizi hazina kumbukumbu ya kuhifadhi programu yao ya ndani. Hupewa upya kila zinapowashwa, kutoka katika saraka iitwayo /lib/firmware. Faili hilo likikosekana, moduli huonekana lakini haifanyi kazi. Hali hiyo ni kama ya mwanafunzi aliyeitikia jina kwenye mahudhurio, kumbe hana daftari wala kalamu.

Tatu, taja nchi. Kila nchi ina kanuni zake za matumizi ya masafa. Kwetu husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Katika mfumo wa Raspberry Pi, Wi-Fi inaweza kubaki imefungwa mpaka uandike herufi TZ. Bodi nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu zinasubiri herufi mbili tu.

Nne, unda mtandao wa darasa. Tangu mwaka 2023 mfumo huo hutumia programu ya NetworkManager, nayo huweza kuigeuza bodi kuwa kituo cha kurushia mawimbi. Upe mtandao jina linaloeleweka na neno la siri lisilopungua herufi nane. Usiunganishe vifaa vingi kwa mara moja, kwa kuwa moduli hii ni ndogo. Wagawe wanafunzi katika vikundi. Hata hivyo, mwalimu anayejua kazi ya vikundi hatakuona huko kuwa ni upungufu.

Tano, amsha Bluetooth. Amri ya bluetoothctl hukuwezesha kuiwasha, kutafuta spika, kuioanisha, kisha kuiamini. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na bila hiyo umeme ukikatika spika huenda isijiunge yenyewe tena. Ikumbukwe pia kwamba, ingawa Wi-Fi na Bluetooth zimo katika moduli moja, data zake hupita njia mbali mbali ndani ya bodi. Kwa hiyo moja yaweza kufanya kazi na nyingine ikawa kimya. Tena, zote mbili hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na zikitumika kwa pamoja spika yaweza kukatakata sauti.

Mwisho, angalia mahali. Usiifungie bodi katika sanduku la chuma, kwani chuma huzuia mawimbi. Na usishangae kuona tarehe isiyo sahihi baada ya umeme kukatika: toleo la 3 na la 4 hayana betri ya saa, na pasipo intaneti bodi haina wa kumwuliza saa ngapi.

Namna ya Kufundisha Chuoni

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila kikundi cha wanachuo kipewe bodi na kadi tupu ya kumbukumbu, wala kisipewe kadi iliyokwisha andaliwa. La pili, kila kikundi kiandike daftari la kompyuta kwa Kiswahili, kikieleza kila amri iliyotumika, sababu yake, na matokeo yaliyoonekana. Daftari hilo pamoja na kadi ya akiba viende shuleni na bodi, ili mwalimu akihamishwa anayempokea asianze gizani. La tatu, mtihani wa somo hili usiwe wa kueleza Wi-Fi ni nini. Mkufunzi aiharibu bodi kwa makusudi, kwa mfano kwa kuondoa faili la moduli, kubadili chaja au kufuta msimbo wa nchi, kisha mwanachuo atafute kosa na kueleza alivyolipata. Hapo atakuwa amefuata njia ile ile ya sayansi tunayomtaka akawafundishe watoto: kutazama, kukisia, kujaribu, na kuandika.

Hoja za Wanaopinga

Wako wenzetu wanaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi si fundi, na kwamba muda wa chuo hautoshi hata kwa mbinu za kufundisha kusoma na kuandika. Hoja hii ina uzito, na sipendekezi tuvipunguze vipindi hivyo hata kimoja. Lakini mwalimu hutengeneza kadi za herufi, hupima bustani ya shule na huganga ubao uliopasuka, wala hakuna amwitaye seremala au bwana shamba. Anafanya hivyo kwa kuwa zana ni sehemu ya kazi yake.

Wengine husema kwamba amri zenyewe ni za Kiingereza. Ni kweli. Ila ni chache, hazibadiliki kila siku, na maelezo yake yanaweza kuandikwa kwa lugha yetu. Ndiyo maana nimesisitiza daftari.

Hoja ya tatu ni kwamba wafadhili huleta vifaa vilivyokwisha tayarishwa, basi kwa nini tujisumbue? Jibu ni kwamba mfadhili hukaa siku moja, siku ya kukabidhi. Siku zilizobaki za mwaka ni za mwalimu na watoto. Elimu ya Kujitegemea, tuliyoitangaza mwaka 1967, haikukataza kupokea msaada. Ilitutaka tuwe na uwezo wa kuendelea pale msaada unapokoma.

Wanachuo, mtakapopangiwa vituo vya kazi, wengine wenu mtavuka mto Kilombero. Mkikabidhiwa kompyuta hii, iombeni kadi tupu na nafasi ya kuiandaa upya tangu mwanzo hata kama inafanya kazi, mkiitunza kadi ya awali kuwa ya akiba. Ifanyeni kazi hiyo wiki ya kwanza, kabla mvua hazijaanza.