Msondo bendi ya wazee? Acheni hizo!

Jana usiku hapa Mtwara umeme umekatika, tumekaa nje ya hosteli, mshkaji mmoja akanicheka eti nasikiliza "bendi ya wazee, dansi limeshajifia". Na yeye anasoma ualimu wa historia! Nilinyamaza, leo namjibu.

Msondo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikageuka JUWATA, bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Kikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Msondo Ngoma ni jina la baadaye. Marehemu Gurumo, aliyekuwemo tangu mwanzo, alihamia Mlimani Park 1978, bendi ikaendelea, na baadaye akarudi mwenyewe.

Unajua kwa nini ilidumu? Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama, mwisho wa mwezi kuna mshahara. Siku hizi mlipaji ni mimi na wewe. Sasa wewe nyimbo zote umerushiwa bure kwenye simu, kiingilio hujawahi kutoa hata siku moja, halafu unasema dansi limejifia lenyewe?

Na mimi nimerushiwa, sikatai. Ila wakija Mtwara natoa kiingilio, hata kama boom limekata. Nani tunaenda wote?