Hofu ya Kuandika na Hofu ya Kutunza

Kwa muda mrefu niliogopa kuandika LinkedIn. Nilihofu wenzangu wa Bariadi wangesema, "Naye tabibu wa wilayani anajifanya profesa!" Hofu hiyo haina faida, tena gharama yake hulipwa na wengine. Kule Busega, kando ya Ziwa Victoria, wapo wanaoogea maji yenye vimelea vya kichocho. Muuguzi wao akisoma kwamba maji ya ziwa yakihifadhiwa siku mbili katika chombo kisicho na konokono vimelea hivyo hufa, atawaambia. Kiswahili changu kikoje, hilo halitamsumbua.

Ipo hofu nyingine, nami sitaki iondoke: hofu ya kumwanika mgonjwa. Wengi hudhani kuficha jina kunatosha. Katika mji kama wetu, ukiandika "binti aliyeletwa juzi kwa bodaboda kutoka mnadani", nusu ya soko imekwisha kumjua. Picha ya kidonda ikionyesha pindo la kitenge, basi jina limetajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nawe mgonjwa, unaweza kukataa kupigwa picha, hata anayeomba akiwa ndiye anayekutibu, na matibabu yako yakabaki yaleyale.

Andiko langu la kwanza halikuwa na mgonjwa hata mmoja. Lilieleza maji, konokono na ndoo. Mwenzangu mmoja alinisahihisha mbele ya watu: ndoo ifunikwe, mbu wasizaliane humo. Nikaongeza.