Mgahawa mpya mjini: tutazame bomba kabla ya taa



Mtu aliyeondoka Korogwe au Handeni miaka kumi na tano iliyopita, akirudi leo, atapotea njia. Pale alipoacha kibanda cha chai na maandazi atakuta mgahawa wenye viti laini, taa za rangi, muziki, na orodha ya vyakula iliyochapwa vizuri. Mahali pengine pamepewa jina la launji: mchana watu hula chakula, na jioni panageuka kuwa baa.

Mambo haya hayakuja bure. Korogwe ni mji wa wasafiri tangu zamani. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, na leo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita hapo hapo, na abiria hushuka kula. Handeni nayo imefunguka tangu barabara ya kutoka Mkata hadi Korogwe kupitia Chanika ilipowekwa lami. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, basi na majiko mengine sasa hayalali.

Familia za parokia zetu zimeanza kwenda kuonja. Baada ya Misa ya Jumapili, Ubatizo, Komunyo ya Kwanza au Kipaimara, baba anasema, "Leo tukale nje." Wako wanaolaumu kwamba hiyo ni anasa na kuiga mambo ya mjini. Sisi hatuoni hivyo. Mama anayepika siku zote saba za juma anastahili siku moja ya kupikiwa. Baba akikaa meza moja na watoto kwa saa nzima, amefanya jambo jema. Vijana wetu wanapata kazi, na mkulima wa mboga kutoka milima ya Lushoto au wa machungwa kutoka Handeni anapata mnunuzi. Bwana wetu mwenyewe alialikwa kwenye arusi ya Kana naye akaenda.

Basi twendeni. Lakini twende tukijua tunachotazama, maana wengi wetu huchagua mgahawa kwa taa zake. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Taa haziui vijidudu.

UGONJWA HAUCHAGUI VITI

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba chakula kisicho salama huwaumiza watu wapatao milioni 600 duniani kila mwaka na kuua watu 420,000. Katika Afrika pekee walikadiria wagonjwa milioni 91 na vifo 137,000. Karibu theluthi moja ya wanaokufa kwa maradhi haya ni watoto wadogo, na kinachowaua hasa ni kuhara.

Vijidudu vya magonjwa haya huzaliana upesi katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Joto letu la mchana katika Handeni liko katikati kabisa ya hapo. Kwa hiyo chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili: ama kiwe moto sana, ama kiwe ndani ya jokofu. Wali na pilau vina hatari yake ya pekee, kwa sababu viko vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani hadi jioni, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo.

Hapa ndipo tunapotaka kumtetea mama lishe. Watu humdharau kwa sababu anapikia chini ya mwembe. Lakini tazama: anapika mbele ya macho yako, chakula kinatoka jikoni kikifuka moshi, na kufikia saa tisa sufuria zimekwisha. Hana jokofu la kuficha nyama ya juzi. Mgahawa mkubwa wenye orodha ya vyakula arobaini lazima uweke akiba, na umeme ukikatika usiku kucha, akiba hiyo huharibika bila mlaji kujua. Jokofu lililofungwa huweza kulinda chakula kwa muda wa saa nne hivi tu. Hatusemi kwamba kila mama lishe ni msafi na kila launji ni chafu. Tunasema kwamba bei na mapambo si kipimo cha afya.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Ukiingia mahali papya, kabla ya kuagiza, tazama haya:

1. Bomba. Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni, kwa wateja na kwa wahudumu pia? Mwaka 2020, wakati wa korona, kila mlango ulikuwa na ndoo yenye koki. Ndoo nyingi zimeondolewa, lakini kuhara na kipindupindu havikuondoka. Beseni moja la kunawia watu wote si kunawa, ni kugawana uchafu.

2. Choo. Omba kwenda chooni kwanza. Kama choo cha wateja hakina maji wala sabuni, usitegemee kwamba mpishi ana choo bora zaidi.

3. Moto. Agiza kinachopikwa sasa hivi. Chipsi mayai, yai liive kabisa. Nyama choma isiwe na damu ndani, na itoke kwenye machinjio yanayokaguliwa. Supu ije ikichemka, si vuguvugu.

4. Vibichi. Kachumbari na matunda yaliyomenywa tayari ndiyo hubeba vijidudu kwa wepesi, hasa vikikatwa kwa kisu kilichotoka kwenye nyama mbichi. Kama hujaridhika na jiko, acha kachumbari, chukua chungwa ulimenye mwenyewe.

5. Barafu. Kugandisha maji hakuui vijidudu. Barafu ni salama tu kama maji yake yalikuwa salama. Na mtu asidhani kwamba pombe iliyomo kwenye glasi itaisafisha barafu. Haina nguvu hiyo.

Kuuliza si utovu wa adabu. "Dada, samahani, wali huu umepikwa saa ngapi?" Ukiuliza kwa upole, mwenye mgahawa mwema atafurahi, na asiye mwema atajifunza. Mteja akinyamaza, mgahawa hauna sababu ya kubadilika.

KOKTELI: JINA MOJA, VINYWAJI VIWILI

Jambo hili ndilo linalotufanya tuandike mwezi huu. Kwetu, ukiagiza juisi ya kokteli, unaletewa juisi ya matunda mchanganyiko: embe, parachichi, pasheni, nanasi. Ni kinywaji cha watoto na wazee. Lakini katika launji mpya neno hilo hilo la kokteli ni pombe kali iliyochanganywa na juisi au soda. Hiyo ndiyo maana yake ya asili: mwaka 1806 gazeti moja la Marekani lililieleza neno hilo kuwa ni kinywaji cha pombe kali, sukari, maji na dawa chungu. Glasi mbili zinafanana rangi, zina kipande cha chungwa pembeni na mrija, na jina ni moja. Mama anayenyonyesha, kijana wa Kipaimara, au babu mwenye kisukari anaweza kunywa asichokijua.

Kwa hiyo uliza wazi: "Hii ina kileo au haina?" Na wenye migahawa tunawaomba waandike neno "kileo" kwenye orodha zao. Wino wa neno moja hauwapi hasara.

Wanaojua kwamba ni pombe nao wanadanganyika. Husema, "Hii ni laini, si kama bia." Tufanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo. Kipimo kimoja cha mililita 30 cha pombe kali ya asilimia 40 kina gramu 9 na nusu. Kokteli yenye vipimo viwili, basi, ni sawa na chupa nzima ya bia. Tofauti ni kwamba bia ni chungu, mtu huinywa polepole; kokteli ni tamu, huisha kwa dakika kumi, ikaagizwa nyingine. Ini la mtu mzima huhitaji kama saa moja au zaidi kuondoa gramu 10 tu. Kahawa haisaidii, wala kuoga maji baridi.

Mwaka 2017, mwezi Machi, Serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali katika vifuko vya plastiki, kwa sababu vilikuwa rahisi kununua na kuficha, hata kwa wanafunzi. Tulishangilia. Isije pombe ile ile ikarudi kwa vijana wetu ikiwa imevaa glasi ndefu na mrija.

Wafuatao wasinywe kabisa, hata glasi moja:

- Mama mjamzito. Kileo humfikia mtoto tumboni na kinaweza kuharibu ubongo wake. Hakuna kiasi kilichothibitika kuwa salama.
- Anayetumia dawa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzirai, na watu wakadhani amelewa tu. Anayetumia metronidazo kwa ajili ya tumbo ashauriwe kujiepusha na kileo. Paracetamoli pamoja na pombe nyingi huumiza ini.
- Anayeendesha gari au pikipiki. Lami imefupisha safari ya Handeni na Korogwe, lakini imeongeza mwendo wa bodaboda. Aliyekunywa asiendeshe, wala asipande pikipiki ya dereva aliyekunywa.
- Mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. "Mwonjeshe kidogo" ni mwanzo mbaya.

Kwa watu wazima wenye afya, kanisa halijaharamisha divai wala bia. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2290, inatufundisha kiasi katika chakula, pombe na tumbaku, na inasema kwamba mwenye kuhatarisha maisha ya watu barabarani kwa ulevi au mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Sayansi nayo haibembelezi. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka pombe kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na Januari 2023 shirika hilo lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara yoyote kwa afya. Afadhali kidogo kuliko kingi, na afadhali hakuna kuliko kidogo.

Soda na juisi zilizotiwa sukari nazo tuziangalie. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, wakati mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 50 kwa siku nzima, na ingekuwa vema zaidi asizidi 25. Agiza juisi isiyoongezwa sukari, au maji.

UKIRUDI NYUMBANI TUMBO LIKACHAFUKA

Kuhara mara moja au mbili si taifodi, na si kila homa ya tumbo inahitaji vidonge vya dukani. Jambo la kwanza ni kurudisha maji mwilini. Tumia chumvichumvi za kuchanganya na maji, yaani ORS, pakiti ya lita moja kwa lita moja ya maji safi. Ukiikosa, tengeneza mwenyewe: maji safi lita moja, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Mtoto aendelee kunyonya na kula, apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoelekezwa zahanati.

Usingoje nyumbani ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, macho kuzama, mtoto kulegea au kushindwa kunywa, au kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Njoo mara moja, usiku au mchana. Na kama mliokula pamoja mmeugua wengi, sema mlikula wapi, ili bwana afya au bibi afya apajue na kupakagua. Huko si kumchongea mwenye mgahawa. Ni kumwokoa mlaji wa kesho.

Kati yenu mnaosoma ukurasa huu wamo wenye migahawa, wapishi na wahudumu. Kwenu tunasema: pimeni afya zenu kama inavyotakiwa, kaeni nyumbani mnapoharisha, na wekeni sabuni penye bomba. Mteja aliyekula akarudi salama ndiye tangazo lenu.

Nanyi wazazi, Jumapili ijayo mkiamua kula nje, nendeni kwa furaha. Mtumeni mtoto mmoja akatazame kama kuna maji na sabuni, kisha alete habari mezani. Mkikuta hakuna, semeni asante, mkajaribu mlango wa pili.

Tunawatakia afya njema, na amani ya Kristo iwe mezani penu.