Genge Nalo ni Soko, Lipewe Mizani

Mtu akitaka kujua hali ya maisha ya mji, na atazame kwanza wananchi wanakonunua chakula chao. Katika Dar es Salaam, ambako Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, jambo hili si dogo. Watu wote hao hula kila siku, na walio wengi hawana shamba wala ghala. Msasani, katika Wilaya ya Kinondoni, ni mahali panapofaa kuitazamia hali hiyo, maana hapo wenye nacho na wasio nacho wanaishi wakisikiana sauti.

Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla jiji halijaifikia, na ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipojenga nyumba yake. Upande wa rasi, Masaki na Oysterbay, yapo maduka makubwa ya kujihudumia, yenye majokofu, viyoyozi na bei zilizobandikwa. Mwendo mfupi kutoka hapo, Makangira na Bonde la Mpunga, wananchi hununua katika magenge, katika maduka ya mtaani na katika soko la Namanga. Samaki huwapata pwani, au huwafuata Feri. Swali linalowahusu viongozi ni hili: kwa nini walio wengi huchagua genge?

Wapo wanaojibu upesi kwamba ni umaskini na mazoea. Jibu hilo halitoshi. Mfanyakazi anayelipwa kwa kutwa hawezi kununua chakula cha mwezi mzima. Gengeni anapata nyanya tatu, kitunguu, fungu la mchicha na nazi. Duka la jirani linampimia mafuta ya mlo mmoja. Halipi nauli ya daladala, na siku mambo yakimwia magumu, muuzaji anayemfahamu humkopesha. Ndizi zimetoka Mabibo asubuhi hiyo, nafaka Tandale, mboga Ilala au Kariakoo. Mwananchi huyu amepiga hesabu yake, na hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu mwenye kipato chake.

Historia yetu inathibitisha nguvu ya uchaguzi huo. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilikusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi ili ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi yake. Nia ilikuwa kumwokoa mwananchi na mlanguzi, lakini maduka mapya hayakuwa tayari kuubeba mzigo huo, na Serikali ikalazimika kulegeza kamba. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi na katika utekelezaji wa Sheria ya Nguvu Kazi, wachuuzi wengi wadogo wa mijini walisumbuliwa pamoja na walanguzi wakubwa waliokusudiwa. Genge likainama, kisha likainuka.

Baada ya milango ya biashara kufunguliwa, ilizuka dhana nyingine: kwamba maduka makubwa ya kigeni yatalimaliza genge kwa ushindani. Matokeo tumeyaona. Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya nchini kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga milango yake hapa mwaka 2015. Nakumatt yenyewe haikudumu baada ya hapo. Ni dhahiri basi kwamba genge halikuondolewa kwa amri wala kwa mtaji. Kilichobaki ni kulikubali kuwa sehemu ya mpango wa kuulisha mji.

Hata hivyo, kulikubali si kulisifu bila kuona kasoro zake. Kasoro iliyo kubwa ni ya kipimo. Katika duka kubwa la Masaki kila kitu hupita juu ya mizani. Gengeni kipimo ni fungu, na fungu halina uzito unaojulikana. Bidhaa zikiadimika, bei ya fungu mara nyingi hubaki ile ile, bali fungu lenyewe ndilo hupungua. Anayenunua mafuta kidogo kidogo kila siku, mwisho wa mwezi huwa amelipa zaidi kwa kila lita kuliko jirani yake aliyenunua dumu zima kwa mara moja. Hivyo mwenye kipato kidogo ndiye anayekula chakula cha bei ya juu, naye hajui kwa kiasi gani, kwa sababu hakuna mizani ya kumwambia.

Lakini itakuwa dhuluma kumtwisha mama wa genge lawama yote. Upunjaji huanza mbali naye. Mkulima wa viazi wa Njombe au wa Mbeya mara nyingi hulipwa kwa gunia badala ya kwa kilo, na gunia hilo hushindiliwa na kuongezwa kichwa hata likawa lumbesa, linalozidi kilo 100 zinazokubaliwa na sheria. Mkulima anapunjwa kwa gunia lililozidi. Mlaji anapunjwa kwa fungu lililopungua. Mizani haikuwapo mwanzo wa safari, wala haipo mwisho wake. Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba Kurani Tukufu inayo sura, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la watu wanaopunja vipimo. Jambo lililopewa uzito wa namna hiyo haliwezi kuwa dogo mbele ya Serikali.

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia wasidhani kwamba habari hii ni ya Bara peke yake. Mbatata na vitunguu vingi vinavyouzwa Darajani, pamoja na sehemu ya tungule, huvuka bahari kutoka Bara, na mzigo mwingi hupitia Dar es Salaam. Bei iliyopotoshwa katika soko la jumla la jiji hili hupanda chombo pamoja na mzigo, ikaongezewa gharama za bandari na za safari. Mkulima wa minazi wa Mafia naye hutegemea masoko haya haya kuuza nazi zake. Kwa hiyo mwananchi wa visiwani anayo haki ya kudai mizani Ilala na Kariakoo sawasawa na mkazi wa Msasani.

Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa wenye dhamana. La kwanza, kila kata iliyo na watu wengi itenge nafasi ya magenge karibu na makazi, yenye kivuli, maji, choo na mahali pa kutupia taka. Wafanyabiashara wadogo walipoanza kupewa vitambulisho mwishoni mwa mwaka 2018, na walipohamishwa kutoka kando ya barabara mwaka 2021, ilidhihirika kwamba kitambulisho bila mahali pa kuuzia hakitoshi, na kwamba mahali pasipo wapita njia hapawi soko.

La pili, Wakala wa Vipimo aanzie kwenye gunia kabla ya kufika kwenye fungu: shambani, katika vituo vya mazao na katika masoko ya jumla. Kisha katika kila soko na kila eneo la magenge iwekwe mizani ya umma, ambayo mnunuzi ataitumia bila malipo.

La tatu, masoko ya jumla yaimarishwe katika pande zote za jiji. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilipoungua Julai 2021, tulionyeshwa hatari ya kuegemeza mji mkubwa mno juu ya nguzo chache.

Kwa miaka mingi mtu aliyetumwa na mamlaka kwenda gengeni alikuwa mgambo, na kazi yake ilikuwa kufukuza. Sasa atumwe mkaguzi wa vipimo, aende na mizani iliyo sahihi, na aanze kwa kufundisha kabla ya kutoza faini. Mwananchi wa Bonde la Mpunga anastahili kujua uzito wa chakula anachokilipia, sawa na jirani yake wa Masaki.