Kuzika Wafu

Kuzika wafu ni tendo la huruma. Hapa Dirma ukisikika msiba, twaacha kazi za shamba twende kuchimba kaburi. Sasa sikieni habari hii ya Uganda.

David Kato alikuwa mwalimu. Alipenda wanaume wenzake, wala hakuficha, naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini mwake kudai haki za watu wa namna hiyo. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilitoa picha yake, likataka wanyongwe. Kato na wenzake wawili walishitaki, na Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa haki. Tarehe 26 mwezi huo aliuawa nyumbani kwake kwa nyundo.

Siku ya mazishi kijijini Nakawala, mhubiri aliwashutumu mashoga mbele ya jeneza, na wanakijiji wakakataa kuzika. Rafiki zake walilibeba wenyewe, na Askofu mstaafu wa Kianglikana, Christopher Senyonjo, akamwombea kaburini.

Kanisa letu halikubali matendo hayo. Lakini Katekisimu ya 1992 yaagiza watu hao wapokewe kwa heshima na huruma. Basi msiba ukitokea, chukua jembe uende. Hukumu ni ya Mungu.