Mwenzetu wa 504 alikufia ku kazi

Tulimuzika siku ya posho, na motoka zilikuwa nyingi kuliko tulivyotazamia. Peugeot 504 tatu, 404 moja yenye ilisukumwa kwanza ndipo ikawaka, Land Rover ya zamani, na Toyota za kila namna. Tulitoka Katuba pole pole, taa zikiwaka, moja nyuma ya ingine. Hakuna aliyepiga honi ovyo, hakuna aliyezungusha motoka nyuma ya sanduku sawa vijana wanavyofanya siku hizi ku vilio. Yeye mwenyewe alikuwa anakasirikia sana ile mambo. Alisema ni kumaliza pine bure, na pine ni bei.

Jina lake hatuliandiki hapa, familia iliomba vile. Wale wa poste ya usiku wanamujua. Na wale wenye kupenda motoka za zamani, hapa Lubumbashi, Likasi na Kipushi, wanamujua zaidi: ni ule tuliyemuita Papa 504.

Motoka ilikuwa ya baba yake, mufanyakazi wa Gécamines, mumoja wa wale zaidi ya 10,000 waliotoka mu « départ volontaire » ya mwaka 2003. Wazee wetu wengi walipokea ile pesa, na kila nyumba ya camp inajua ilienda wapi. Kwao pesa iliisha, 504 ikabaki. Akiwa mutoto alikuwa anatengeneza motoka za nyaya, na volani ndefu ya kusukumia, sawa siye wote. Yeye peke yake ndiye aliweka ressort ku magurudumu ya nyuma. Alipoanza kupata mushahara, alifungua moteri ya 504 ya baba yake chini ya muembe na akaikaza tena yeye mwenyewe. Raba alikuwa anachonga mu pine ya kamio. Alituhesabia mara mingi namna Peugeot 504, motoka iliyozaliwa mwaka 1968, ilishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1975, na tena 1978. Tulikuwa tunamucheka: « Papa, wewe ulikuwa hata haujazaliwa! » Alijibu kwamba barabara ya kwenda ku mugodi ni Safari Rally ya kila siku, paka kombe ndiyo haiko.

Kitu kingine alichokuwa anasema, tungetaka kila mama na kila kijana anayesoma hapa akisikie. Motoka nyingi zinazotufikia zinatoka Japon, zinapita Dar es Salaam na Zambia, na kuingilia Kasumbalesa. Volani yao iko kuume. Kule Tanzania na Zambia ni vizuri, wanatembea kushoto. Siye tunatembea kuume. Basi shofere wa volani kuume, akiwa nyuma ya kamio ya madini, haoni kitu. Kusudi aone kama njia ni wazi, lazima motoka nzima itoke kwanza katikati ya barabara, na ile wakati inaweza kuwa amechelewa. Mutu anayekaa kushoto kwake anaona mbele yake. Ndiyo maana Papa 504 alikuwa anasema: ukikaa pale mbele, usilale, usiangalie telefoni, wewe ndiwe macho ya shofere.

Siku ile hakukaa mbele. Alikaa nyuma, katikati, amechoka na poste ya usiku. Ilikuwa siku ya tatu bisi ya wafanyakazi haikuja. Kampuni ya sutretansi iliyomuajiri ilisema bisi iko mu garaji, kila mutu ajipange. Walijipanga: watu walichanga pesa, wakakamata taksi ya volani kuume ku barabara ya Likasi. Shofere alitaka kupita kamio. Yaliyofuata hatuyaandiki, batoto wake wanasoma gazeti.

Hapa kuna wenzetu wanaotuambia: « Acheni familia ilie, maneno ya sendika mutaleta kisha. » Tunawaelewa. Lakini siku tulipokaa ku kilio, mujumbe wa ile kampuni alikuja na mifuko ya bukari, mafuta, na bahasha, akamuambia mujane mbele ya wazee kwamba ni musaada wa roho nzuri, kwa sababu bwana yake hakufa ku kazi. Hakuwa mu bisi ya kampuni, hakuwa ndani ya mugodi, poste ilikuwa imekwisha. Ni wao walioleta maneno ku kilio, si siye. Mama alishukuru, kwa sababu mufiwa anashukuru kila mutu. Kuna tatizo pale.

Sheria inasema ingine. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, ile ya sécurité sociale, inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kwenda na kurudi, kuwa ajali ya kazi. Haiulizi kama ulipanda bisi ya kampuni, taksi, kinga, ao kama ulitembea na miguu. Ndiyo haki ya mujane na batoto mbele ya CNSS: pesa ya maziko, na rente ya wale waliobaki. Ile bahasha ya ku kilio haiwezi kukamata nafasi ya rente. Bahasha ilikwisha mbele ya siku arobaini. Mutoto wake wa mwisho ana miaka sita.

Ile sheria iko na mulango mumoja: safari isikatwe, wala isipotoke, kwa shauri ya mutu binafsi. Na kampuni iliingilia pale pale. Mu mufuko wa marehemu, polisi ya barabara walikuta karbiratere ya 504, Solex, imefungwa mu gazeti. Basi kampuni inaandika kwamba alitoka ku kazi, akaenda kutafuta vipuri vya motoka yake, kisha ndipo akapanda taksi. Kwa hiyo ile safari haikuwa tena ya kazi. Tazameni, ndugu. Kitu alichokipenda mu maisha, wanakigeuza kuwa jiwe la kumupigia mujane wake.

Siye tunaomujua tunajua alitafuta ile karbiratere karibu mwaka muzima. Tunaamini aliinunua ndani ya chantier, usiku ule, kwa mufanyakazi mwenzake, na alipotoka alipanda taksi moja kwa moja. Mufanyakazi yule hajajitokeza. Tunajua sababu. Kuuzishana kitu ndani ya chantier kumekatazwa, na mu mugodi, mutu akionekana na chuma mu mufuko, neno la kwanza ni « mwizi ». Kontra yake ni ya miezi mitatu mitatu. Anaogopa, na ana batoto yeye pia.

Lakini tufikiri kidogo sawa watu wa motoka. Ile chantier ina machine gani? Kamio kubwa, pelle, jenereta, pick-up: zote za mazuti. Moteri ya mazuti haina karbiratere. Hakuna hata kitu kimoja cha kampuni ambacho Solex ya 504 inaweza kutoka. Mwenye kuiuza hakuiba kitu cha mutu. Aliitoa kwao, ku gari bovu la muzee wake pengine, akamuletea mwenzake. Kosa lake, kama ni kosa, ni la règlement ya ndani, na kwa lile delegasio yetu itasimama naye. Tumekwisha kuandika vile, na signature zetu ziko chini.

Na siye pia tusijioshe mikono. Siku tatu bisi ilikosekana, na delegasio ilijua. Tuliandika barua moja, tukangoja jibu. Mwaka 2019, mwezi wa Februari, kamio ya aside iligongana na motoka mbili, moja ikiwa bisi ya abiria, kule Kabwe, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu karibu 20 walikufa. Ile wakati tulisema sana juu ya barabara, juu ya kamio, juu ya mwendo. Kisha tukarudia kuhesabu prime na mifuko ya bunga. Usafiri wa wafanyakazi uliachwa chini kabisa ku karatasi ya madai, namba ya tisa ao ya kumi, mahali wakubwa wanafikia wakiwa wamekwisha kufunga kalamu. Safari hii tumeuweka juu: bisi ikikosekana, kampuni ilete ingine siku ile ile, la sivyo poste isianze. Wenzetu wengine wanaona ni madai makali. Sisi tunaona yamechelewa.

Kuna maneno yake moja yanaturudilia. Tulikuwa tunazungumuza juu ya motoka za umeme, namna cobalt yetu inakwenda kuingia mu batri zao kule Chine na Bulaya. Kijana mumoja akamuuliza kama angependa kuwa na moja. Alifikiri, kisha akasema: « Nitajua namna gani kama iko mugonjwa, nikikosa kuisikia ikikohoa? » Alichimba ile cobalt miaka kumi na moja.

504 iko mu parcelle, chini ya bashi. Watu wawili wamekwisha kuja kuuliza bei, mumoja kabla hata ya siku arobaini. Mama alituuliza aiuze ao aiache. Tulimuomba angoje mpaka dosie ya CNSS ijibiwe, kusudi asiuze kwa njaa. Mwana wake mukubwa anataka kufunga ile karbiratere. Tulimukataza kwanza: polisi walirudisha ile kitu kwa familia, na ni ushahidi, ibaki mu gazeti lake vile ilivyo.

Tunakutana tena siku ya posho inayokuja, saa ine ya asubuhi, pale pale ku parcelle. Wale watatu waliopona mu ile taksi, kama mumetoka ku hospitali, tunawaomba mutuambie paka kitu kimoja: taksi ilisimama wapi, na nani aliteremuka. Shofere wa kamio pia. Na wewe uliyemuuzia Solex, usije mbele ya watu kama unaogopa. Kuja usiku, ku mulango wa nyuma. Mama anajua kwamba unaweza kuja, na hana hasira na wewe. Alituambia anataka kukulipa, kwa sababu kwa namna anavyomujua bwana yake, alikamata ile kitu kwa deni.